Usalama Upi Huo?

Mwandishi aliyedai kwamba Wakanada waliviona Vita vya Pili vya Dunia ughaibuni tu, huku nyumbani wakilala salama, amekosea vibaya. Kweli, shambulio la Dieppe, Ufaransa, Agosti 1942, liliwaua wanajeshi wao zaidi ya 900. Lakini mwaka huohuo serikali yao iliwahamisha kwa nguvu watu wapatao 22,000 wenye asili ya Japani kutoka pwani ya British Columbia, wengi wao raia waliozaliwa humohumo nchini. Mashua za wavuvi zilikamatwa. Nyumba na mashamba yakauzwa bila ridhaa ya wenyewe. Vita viliisha 1945, wao wakazuiwa kurudi pwani hadi 1949! Serikali yenyewe iliomba radhi mwaka 1988. Mwandishi anawaachaje nje ya hesabu?