Sheria ya Dawa ya 1957 Haiwezi Kumlinda Kijana wa Leo



Vijana wenzetu, leo tuzungumze kuhusu tembe. Si unga, si bangi, si muguka. Tunasema zile tembe zenye jina la kiwanda, zimefungwa vizuri kwenye pakiti, na kisheria haziuzwi bila cheti cha daktari. Bugizi. Artane. Valium. Tramadoli. Na dawa ya kikohozi yenye kodeini. Aliyekaa maskani Majengo, Kisauni, Likoni, Malindi au Eastleigh ameyasikia majina haya, na pengine anajua na bei zake.

Unga huletwa kwa magendo tangu mwanzo hadi mwisho. Tembe ni tofauti. Nyingi zinaanza safari yake kihalali: kuna kiwanda, kuna mwagizaji, kuna muuzaji wa jumla, kuna ghala la hospitali, kuna kemisti. Kwa hivyo swali letu ni hili: mpaka tembe ifike mfukoni mwa kijana wa miaka 16, imepita mikononi mwa watu wangapi wenye leseni? Na mbona ikifanywa operesheni, anayerushwa nyuma ya gari la polisi ni yule wa mwisho kabisa, aliyeshika tembe tatu?

Msimamo wetu tuuseme mapema. Sheria ya dawa ibadilishwe ili kila tembe ya hatari ijulikane imetoka wapi na imetolewa na nani. Na mabadiliko hayo yasigeuzwe fimbo nyingine ya kuwapigia vijana wetu.

SHERIA ILIYOPO

Sheria inayosimamia wafamasia na uuzaji wa dawa Kenya ni Sheria ya Famasia na Sumu, Sura ya 244. Ilianza kutumika mwaka 1957. Hebu fikiria, wakati huo Kenya ilikuwa koloni na Mwambao wetu bado ulihesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar. Sheria hiyo imetiwa viraka mara kadhaa, kikiwemo kikubwa cha mwaka 2019, lakini msingi wake ni ule ule.

Tusiionee. Wazo lake ni zuri. Dawa za hatari imeziita "sumu" na kuziweka kwenye orodha yake. Inataka cheti kiwe cha maandishi, kiwe na tarehe, sahihi ya daktari na jina la mgonjwa. Inataka mauzo yaandikwe kwenye daftari. Maana yake dawa ya hatari isitoke dukani bila kuacha alama.

Shida ni kwamba alama yenyewe ni wino kwenye daftari, na daftari liko chini ya kaunta ya huyo huyo anayeuza. Nani analinganisha tembe alizonunua kwa jumla na vyeti alivyopokea? Mkaguzi asipofika, hakuna. Cheti kimoja cha kughushi kinaweza kuzungushwa kwenye kemisti tano kwa siku moja, na wa tano hana njia ya kujua kwamba wanne wameshauza. Leseni imetundikwa ukutani kwa jina la mfamasia, lakini kwenye kaunta unaweza kumkuta kijana ambaye hajasomea hata siku moja. Tusidanganyane, hali hii tunaiona mitaani.

Kuna pengo la pili. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliwapa magavana kazi ya hospitali za kaunti na famasi. Lakini leseni na ukaguzi wa maduka ya dawa viko mikononi mwa Bodi ya Famasia na Sumu, ambayo ni ya kitaifa. Mwananchi wa Lamu au Tana River akiona duka linauza tembe usiku kwa watoto, aende wapi? Kaunti itamwambia si kazi yake, na Bodi ina wakaguzi wachache kwa nchi nzima.

La tatu ni la kusikitisha zaidi. Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 62, iliagiza Bunge liunde chombo kimoja cha kusimamia bidhaa zote za afya. Hilo ni agizo la sheria, halikuwa ombi. Miswada imeandikwa, imejadiliwa, imelala. Na sisi tumebaki na Sura ya 244.

Sasa linganisha na upande wa pili. Sheria ya Dawa za Kulevya ya 1994 ilifanyiwa marekebisho mwaka 2022, ikaweka faini na vifungo vipya kulingana na uzito wa dawa uliokutwa nazo. Kwa hiyo upande wa jela umeshughulikiwa. Upande wa kaunta, ambako tembe inatokea, umesubirishwa.

TUSIMSAHAU MGONJWA

Wapo wanaosema: pigeni marufuku zote, yaishe. Tunaelewa hasira hiyo. Mzazi aliyemwona mwanawe akipoteza akili kwa Artane hana subira ya kusikia habari za miswada. Lakini tuwe waadilifu.

Artane iliundwa kwa wagonjwa wa Parkinson, na huwasaidia wagonjwa wa akili ambao dawa zao zinawakaza misuli. Diazepamu, ambayo ndiyo Valium, humwokoa mtoto aliyeshikwa na degedege. Tramadoli humtuliza aliyetoka kupasuliwa. Mofini ni dawa ya mgonjwa wa saratani aliye katika siku zake za mwisho, na kumnyima ni dhuluma. Dawa hizi zinaharibu zinapomezwa bila sababu na bila kipimo. Tramadoli nyingi huleta kifafa. Bugizi ikichanganywa na unga huweza kuzima pumzi kabisa, na kijana analala asiamke.

Mwaka 2018 Nigeria ilisimamisha utengenezaji na uagizaji wa dawa za kikohozi zenye kodeini baada ya vijana wengi kuharibikiwa. Hatua ya namna hiyo inawezekana kwa dawa ambayo ina mbadala. Kwa dawa isiyo na mbadala, ukifunga mlango unamuumiza mgonjwa maskini, na tajiri ataipata Nairobi au Dubai. Sisi tunataka mlango ulindwe, usizibwe.

TUNACHODAI

Kwanza, daftari la karatasi liondoke. Kila kemisti, kila muuzaji wa jumla na kila ghala la hospitali liandike dawa hizi kwenye mfumo mmoja wa kompyuta, na cheti kikishatumika kijulikane kila mahali kimetumika. Nchi ambayo mama mboga anapokea malipo kwa simu haiwezi kusema hili ni gumu. Ila siri ya mgonjwa ilindwe. Mfumo huu usiwe mlango wa polisi kuchungulia nani anatumia dawa gani. Jamii yetu imeshafuatiliwa vya kutosha.

Pili, mwenye leseni awepo dukani. Jina na picha yake viwe mahali pa kuonekana. Akikodisha cheti chake, akipoteze.

Tatu, kaunti zipewe mamlaka ya kukagua, pamoja na pesa na wafamasia wa kufanya kazi hiyo. Mamlaka bila bajeti ni maneno matupu.

Nne, adhabu ipande juu ya mnyororo. Muuzaji wa jumla ambaye hesabu yake haitimii, na mtumishi anayetoa dawa kwa mlango wa nyuma wa hospitali ya umma, hao ndio wa kwanza kujibu mahakamani.

Tano, kijana aliyekutwa na tembe za kutumia mwenyewe apelekwe kwenye matibabu. Uraibu ni ugonjwa. Tumewazika vijana wa kutosha waliotoka mikononi mwa polisi wakiwa maiti, na wengine hadi leo familia zinawatafuta. Hakuna sheria ya dawa inayoruhusu hilo.

HII NI KAZI YA DINI PIA

Maulamaa wetu wameweka kuhifadhi uhai na kuhifadhi akili katika mambo matano makuu ambayo sheria ya Kiislamu imekuja kuyalinda. Na historia yetu haikuishia kwenye mawaidha. Miji ya Kiislamu ilikuwa na muhtasib, afisa wa kukagua soko, na wauza dawa walikuwa chini ya jicho lake. Al-Shayzari, aliyeandika mwongozo wa kazi hiyo huko Sham katika karne ya 12, aliwawekea wauza dawa mlango wao, kwa sababu ulaghai wao unagusa miili ya watu. Kwa hivyo ukisikia mtu anasema mambo ya leseni na ukaguzi ni ya serikali, si ya msikitini, mwambie wazee wetu hawakuona hivyo.

WEWE UFANYE NINI

Ukiingia kemisti, tazama kama ina msimbo wa usalama wa Bodi, ule unaobandikwa ili mteja auhakikishe kwa ujumbe wa simu. Ikiwa hauko, nunua kwingine na utoe taarifa. Usichome duka la mtu, usimpige mtu. Andika tarehe, saa na mahali, halafu tuletee kwenye inbox. Majina hatutayaanika.

Ibara ya 119 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni, na Ibara ya 118 inalazimisha Bunge lisikilize wananchi kabla ya kupitisha sheria. Mswada wa dawa ukifika hatua hiyo, vikao vya maoni vikiitishwa, tujae. Mara nyingi viti vinajazwa na wenye biashara, kisha sisi tunalalamika barazani baada ya Magharibi.

Muulize mbunge wako na mwakilishi wako wa wadi swali moja tu: agizo la 2017 limefika wapi? Ukijibiwa, rekodi jibu uliweke hapa. Asipojibu, weka hapa kwamba hakujibu.

Na rafiki yako akikamatwa, mkumbushe Ibara ya 49: ana haki ya kunyamaza, ana haki ya wakili, na afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kazi inayofuata ikiwa saa hizo zimeisha wakati mahakama imefungwa. Familia ipige simu mapema, isisubiri kesho.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu umekuwepo tangu 1957, na kila wiki kuna mama anayefagia vifusi vyake. Share, tag mbunge wako, na sema neno kwenye maskani yako leo jioni.

Wabillahi tawfiq.