Kisu Hakisambazi Saratani

“Uvimbe ukiguswa na kisu, unasambaa.” Maneno haya utayasikia Geita, Musoma na Sengerema, na utayasikia hata kwenye mabenchi ya Bugando, hospitali ya rufaa ya kanda jijini Mwanza. Anayeyasema huwa ni shangazi au mjomba anayeheshimika, tena kwa nia njema. Si kweli, na yanaua.

Wanaoyaamini watakuambia wameona kwa macho yao: mama fulani alichukuliwa kwa sindano kinyama kwenye titi, yaani kipande kidogo cha uvimbe cha kupimwa, na miezi mitatu haikupita akazikwa. Miezi hiyo wanaihesabu. Mwaka mzima aliokaa na uvimbe akinywa dawa za mizizi hawauhesabu, ilhali ndani ya mwaka huo ndipo saratani ilipopenya kwenye ini na mifupa. Sindano ilikuta mambo yameshaharibika, ikabebeshwa lawama.

Uone kuchelewa kunavyoua, mtazame mtoto mwenye saratani ya Burkitt, inayowaandama watoto wa Kanda ya Ziwa, ambako malaria ni nyingi na ina mchango wake katika ugonjwa huu. Mara nyingi huanza na meno kulegea. Nyumbani wanadhani ni jino bovu, linang’olewa. Kisha taya linavimba, jicho nalo linasukumwa nje. Uvimbe huu unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, huku ukoo ukiwa bado unakaa vikao kujadili kama mtoto akatwe au asikatwe. Kinachouma zaidi ni kwamba Burkitt ni miongoni mwa saratani zinazosikia dawa kuliko nyingine nyingi. Tangu miaka ya 1960 watoto wamekuwa wakipona kwa kemo, yaani dawa za kuua saratani, bila upasuaji mkubwa.

Kinyama huchukuliwa kwa sababu bila hicho daktari hajui ni saratani ya aina gani, wala aitibu kwa dawa ipi. Na pale ambapo kutoboa kuna hatari ya kweli, kama kwenye korodani, madaktari wenyewe hawatoboi. Huiondoa nzima ndipo waipime.

Lakini hospitali nazo zina deni. Mgonjwa aliyeuza mbuzi apate nauli akiambiwa tu “rudi baadaye kwa majibu”, mara nyingi harudi. Akija kurudi hali imeshakuwa mbaya, na kijiji kizima kinapata ushahidi mpya dhidi ya kisu. Ndiyo maana nauli, mahali pa kulala na muuguzi wa kupiga simu majibu yakitoka ni sehemu ya matibabu sawasawa na kemo, na vitengewe fedha kama inavyotengewa mashine ya mionzi. Tena kabla sindano haijaingia, mtu akae na ndugu wote waliomsindikiza mgonjwa, awaeleze kwa Kisukuma au Kijita kama Kiswahili hakitoshi, nini kinatolewa, kinapelekwa wapi na majibu yatarudi lini.