Kila Mtu na Wembe Wake



Mwezi huu tunataka kusema juu ya kitu kidogo kilichomo karibu katika kila nyumba, nacho ni wembe. Sisi wauguzi tukimwona baba mwenye vidonda kidevuni, humwuliza, "Unanyoa kwa wembe wa nani?" Mara nyingi hujibu, "Wa nyumbani, tunatumia wote." Jibu hilo ndilo lililotufanya tuandike.

Wengi huogopa wembe wa kuazima kwa sababu ya virusi vya UKIMWI. Wanafanya vizuri kuogopa. Lakini yuko adui mwingine aliye sugu zaidi nje ya mwili, yaani virusi vya homa ya ini ya aina B. Hivyo huweza kuishi siku 7 au zaidi katika damu iliyokauka, hata kama ni kidogo kiasi cha kutoonekana kwa macho. Ugonjwa huo huweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili, na mwisho wake ukawa saratani ya ini. Watoto wa siku hizi huchanjwa wakiwa wachanga, lakini wengi wetu watu wazima hatukuchanjwa. Kwa hiyo kusuuza wembe kwa maji na kumpa mwenzako si usafi.

Maoni yetu ni haya: kila anayenyoa awe na wembe wake. Wengine watasema ni gharama. Hatukubaliani nao. Kishikio cha chuma hununuliwa mara moja na hudumu miaka. Kinachobadilishwa ni wembe wa pande mbili tu, ambao hata duka dogo la kijijini huuza kwa bei nafuu. Chagua kishikio kinachobana wembe sawasawa bila kucheza. Vile vyenye nyembe tatu au nne pamoja hukata ndevu chini ya ngozi. Na ndevu zetu za kipilipili zikiota tena hujipinda na kuingia ndani. Hapo ndipo vipele huanza.

Namna ya kunyoa ni rahisi. Nawa uso kwa maji ya uvuguvugu, paka sabuni mpaka itoe povu, ngoja dakika 2 au 3 ndevu zilainike. Laza wembe kidogo, usiukandamize, wala usivute ngozi. Fuata upande ndevu zinakoota. Suuza wembe mara kwa mara. Ukimaliza, nawa kwa maji baridi, kausha wembe, uweke mbali na watoto. Ukianza kuvuta ndevu badala ya kukata, huo umekwisha. Mwenye vipele vingi aache kunyoa kwa majuma kadhaa, na vikitunga usaha aje zahanati.

Lipo jambo moja zito zaidi. Katika baadhi ya jamii zetu wafiwa hunyolewa nywele baada ya mazishi, na wembe mmoja huweza kupita vichwa kumi. Hatusemi mila hiyo iachwe, maana ni faraja kwa wafiwa. Tunasema tu kwamba wanaopeleka rambirambi wapeleke pia pakiti ya nyembe, na kila kichwa kipate wembe mpya. Wazee wetu wakisema neno hilo msibani litasikika kuliko likisemwa na sisi. Hata kwa kinyozi, usione haya kumwomba afungue wembe mpya mbele yako.

Wembe uliokwisha usitupwe jalalani wanakochezea watoto. Uweke katika kopo lenye kifuniko, na likijaa, litumbukizeni chooni, kwenye shimo refu.

Akina mama, mkienda gulioni Jumamosi hii, hesabuni wanyoaji wa nyumbani kwenu, mnunue nyembe kwa hesabu hiyo. Tunawatakia afya njema.