Ami au Mjomba?

Tunawafundisha vijana wa Zanzibar kusoma riwaya ya Kiingereza kama karani anavyojaza fomu. Mhusika: andika sifa zake tatu. Dhamira: taja nne. Ujumbe: tusinyonyane. Toni, yaani sauti ambayo hadithi inasimuliwa nayo, inapewa mstari mmoja ikibaki nafasi. Nafundisha tuisheni ya Kiingereza mitaa ya Michenzani, na kila mwaka napokea wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne wenye madaftari yaliyojaa majibu ya vitabu ambavyo hawajavifungua. Wanayo pampleti. Pampleti imeshawasomea.

Sisemi kuwa ni wavivu. Mtihani unamlipa mwenye kukariri hoja, nao wamelielewa soko. Ninachosema ni kwamba tumewanyang'anya kitu walichokuja nacho skuli.

Mji huu unaishi kwa toni. Mtoto wa Mji Mkongwe anajua kwamba kanga iliyoandikwa "Hasidi hana sababu" haimtaji mtu, na bado jirani wa mlango wa pili anajua imevaliwa kwa ajili yake. Anaijua "karibu" ya kweli, na ile "karibu" inayomwambia mgeni kuwa chakula kimeshaliwa. Kwenye taarabu anamwona shangazi yake akiinuka kutuza ubeti ulipofika mahali fulani, na papo hapo anajua ni nani ukumbini aliyechomwa. Mtoto huyo ndiye tunayemwambia darasani kwamba hajui kuchambua.

Chukua Paradise ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar wa mwaka 1948, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Riwaya hiyo ilitoka 1994. Yusuf, mtoto wa miaka 12, anachukuliwa kwao na tajiri anayemjua kwa jina la Uncle Aziz. Baba yake anadaiwa na hana cha kulipa, kwa hiyo mtoto ndiye rehani. Yeye mwenyewe hajui. Ni Khalil, kijana wa dukani ambaye naye yuko pale kwa deni la baba yake, anayemrudia mara kwa mara kumwambia kwamba tajiri yule si jamaa yake hata kidogo.

Pampleti ingeandika: Aziz ni mnyonyaji, dhamira ni unyonyaji na ukoloni. Si uongo. Ila Aziz wa riwaya hafoki. Ni mpole, ananukia vizuri, na alipokuwa akija kwao Yusuf alikuwa akimpa sarafu. Msimulizi naye hafoki. Hata baada ya Khalil kusahihisha, anaendelea kumwita Uncle, kwa sababu ndivyo mtoto anavyomwona. Deni limevishwa joho la udugu. Neno hilo moja limebeba mhusika, toni na dhamira kwa pamoja. Ukivitenganisha katika safu tatu, unabaki na mnyonyaji wa katuni ambaye mtoto yeyote angemkimbia, na lile swali gumu, kwa nini Yusuf anampenda, linapotea.

Mwaka 2022 riwaya hiyo ilitoka kwa Kiswahili, ikaitwa Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Hapo ndipo ninapoanzia na wanafunzi wangu. Kiingereza kina uncle mmoja tu. Sisi tuna ami, ndugu wa baba, na mjomba, ndugu wa mama. Anayetafsiri hawezi kukwepa kuchagua. Kabla hawajaiona tafsiri, nawauliza: wewe ungechagua nini? Udugu wa upande gani unafaa kufichia deni? Nani anaweza kukuchukua kwenu na mama yako asiulizwe?

Tunajadiliana kwa Kiswahili kwanza. Msichana mmoja alisema ami, kwa sababu ami ana amri kama ya baba. Mwenzake akamjibu kuwa mjomba ni mbaya zaidi, kwa sababu mjomba hupendwa. Kisha wakaandika kwa Kiingereza. Kiingereza chao kilikuwa na makosa, lakini hoja zilikuwa zao.

Walimu wenzangu huniambia silabasi ni ndefu, madarasa yamejaa, na Kiingereza chenyewe hawana, kwa hiyo toni ni anasa. Naona kinyume. Sentensi ya kukariri haimfundishi mtu lugha. Lugha huingia pale mtu anapokuwa na jambo lake la kusema na anatafuta namna ya kulisema.

Na kuna jambo zito kuliko alama. Katika nyumba nyingi za mjini yumo msichana aliyeletwa kutoka shamba, Pemba au bara. Wageni wanaambiwa, "Huyu mtoto wetu." Anaamka wa kwanza, analala wa mwisho, na skuli haendi. Hakuna anayemwita mtumishi. Mwanafunzi aliyekariri kwamba dhamira ni unyonyaji atapata alama zake, atarudi nyumbani, na atamwita msichana huyo amletee maji. Aliyejifunza kusikia kazi inayofanywa na neno Uncle anaweza siku moja kulisikia "mtoto wetu" likitamkwa na mama yake mwenyewe, na likamkwama masikioni.

Sidai kwamba riwaya itamtoa yule msichana jikoni. Nadai kwamba skuli isimzibe masikio mtoto aliyekuja nayo wazi. Mwalimu, chukua kipindi kimoja kwa wiki. Soma ukurasa mmoja kwa sauti, wanafunzi wakiwa wamefunga pampleti. Uliza nani anasema, anamsema nani, na kwa sauti gani. Wakishajibu, waandike sifa za mhusika na dhamira. Watakuwa na kitu cha kuandika.