Kituo cha Mtaani Kiwapokee Wote

Mtaani kwetu kuna mama anauza vitumbua. Saa kumi na moja alfajiri jiko limeshawaka, na mwanawe wa miaka minne amelazwa kwenye mkeka hatua mbili kutoka kwenye mafuta ya moto, kwa kuwa hana pa kumwacha. Mtoto ana mtindio wa ubongo. Shingo haijakaza, mikono inajikunja, lakini ukimwita jina lake anacheka mpaka mwili mzima unatikisika. Nilimsindikiza mama huyo kwenye kituo cha kulelea watoto mchana, nyumba ya nne kutoka kwake. Tukaambiwa mlangoni, "Mama, wa hivyo hatuwawezi. Tafuta kituo maalumu." Hakujibu. Alimpandisha mtoto mgongoni, akakaza khanga, tukarudi.

Ndugu zangu, hicho kituo maalumu kiko wapi? Kwa wengi wetu hapa Dar es Salaam ni mwendo wa daladala mbili kwenda na mbili kurudi, na nauli hiyo inameza faida yote ya vitumbua. Basi mtoto anabaki kando ya jiko, au anafungiwa ndani, na majirani tunanong'ona kwamba mama alikosea mahali. Hakukosea. Ubongo wa mtoto huumia akikosa hewa wakati wa kuzaliwa, akipata manjano kali siku za mwanzo, au akiugua homa ya uti wa mgongo.

Mwenye kituo simlaumu peke yake. Ana walezi wawili, chumba kimoja, watoto zaidi ya thelathini, na anaogopa mtoto asije akapaliwa mikononi mwake. Woga huo una dawa. Mtoto kama huyu hulishwa akiwa ameketi wima, kidevu kimeinama kidogo, uji mzito, kijiko kidogo, bila haraka; halishwi akiwa amelala chali. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo anaweza kumwelekeza mlezi hatua kwa hatua akiwa na mtoto mwenyewe mbele yao. Hata kiti cha kumketisha wima hakihitaji fedha za wafadhili. Kinatengenezwa kwa maboksi na magazeti ya zamani yaliyogandishwa kwa uji wa unga wa ngano, tabaka juu ya tabaka. Kikikauka sawasawa kinambeba mtoto vizuri.

Na wanaorudishwa mlangoni si wenye ulemavu tu. Fomu ya kituo inadai jina la baba na nakala ya cheti cha kuzaliwa, na bibi anayelea mjukuu hana hata kimoja. Tangu Novemba 2021 msichana aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shule ya serikali, jambo jema kabisa, lakini mtoto wake anashinda na nani akiwa darasani? Yuko pia mtoto aliyepokelewa lakini akaachwa kando: ameletwa juzi kutoka Bariadi, anajua Kisukuma tu. Ananyamaza wiki nzima, wenzake wanamwita bubu na mlezi hawakatazi. Huyu wa mwisho angefunguka kwa maneno matano tu ya nyumbani kwao, kama mlezi angemwuliza mama yake.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 5, inampa kila mtoto haki ya kuishi bila kubaguliwa, na ulemavu umetajwa humo. Desemba 2021 taifa lilizindua programu jumuishi ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto. Maandishi tunayo. Yanahitaji watu wa kuyadai.

Kwa hiyo nawaomba. Mkutano mkuu wa mtaa ukiitishwa, tusiuache uishie kwenye ulinzi na taka tu. Tusimame tuulize: mtaa huu una vituo vingapi vya kulelea watoto, na vimemkataa nani? Mwenyekiti na afisa ustawi wa jamii wajibu mbele yetu. Akina mama wa vikoba, halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kati ya hizo zikiwa za wanawake. Malezi ya watoto nayo ni kazi ya kuombea mkopo huo, kama ilivyo batiki na ufugaji wa kuku, na mkopo huo unaweza kumlipa mlezi wa tatu. Wenye vituo, futeni ule mstari wa jina la baba, andikeni "mzazi au mlezi". Mafundi seremala, wekeni njia ya mteremko palipo na ngazi. Nasi wazazi ambao watoto wetu wamepokelewa bila swali, tuache kuhamisha watoto eti kaingia mwenye usonji.

Kiti cha mtoto wa muuza vitumbua tumeshakianza. Tabaka la tatu linakauka barazani kwangu. Tunatafuta kituo kitakachokipokea, yeye akiwa amekikalia.