Njia Mpya Isitunyime Kituo

Yapata miaka kadhaa sasa tingatinga na malori ya kokoto yanaikata nyika kati ya Isiolo na Mandera, katika njia ya zaidi ya kilomita 700 ipitayo Modogashe, Habaswein, Wajir na Elwak, ambayo Benki ya Dunia ni miongoni mwa wanaoigharimia. Na hapana mtu wa kaskazini mwenye insafu awezaye kuikufuru neema hiyo, kwani sisi tuliolelewa Garissa tunajua wagonjwa walivyotaabika katika njia za mchanga, na mifugo ilivyodhoofu kabla ya kuufikia mnada. Hata hivyo ninalo neno la kuwaambia wahandisi na wakuu wa kaunti zetu, neno ambalo huenda likaonekana dogo mbele ya habari za lami na madaraja, nalo lahusu vile vituo vya kula na kupumzikia ambavyo lami, kila ilikotangulia kufika, ilivipita kwa kasi na kuviacha nyuma.

Nikiwa mtoto wa mwalimu, safari kubwa ya familia yetu ilikuwa ile ya likizo, kutoka Garissa hadi Nairobi, masafa ya kilomita 370 hivi. Basi liliondoka mara baada ya sala ya alfajiri, likavuka daraja la Mto Tana, likaiacha Madogo, kisha likaanza kuhesabu vituo vyake: Bangale, Ukasi, Nguni, Mwingi, na mbali huko Matuu, ambako maembe na mapapai yaliyonyweshwa kwa mfereji wa Yatta yalipandishwa mpaka madirishani kwa mabakuli. Watoto wa siku zile hatukuwa na haja ya ramani, kwa sababu kila mji tuliujua kwa chakula chake: Mwingi ilikuwa asali, na Bangale ilikuwa chai.

Na chai yenyewe haikuwa hii ya siku hizi inayotolewa ndani ya chupa tangu asubuhi hata ikapoteza ladha. Ilikuwa chai ya maziwa ya ngamia, yenye harufu ya moshi kwa kuwa chombo cha maziwa hufukizwa kabla ya kutiwa, ikachemshwa mbele ya macho yetu pamoja na iliki na mdalasini, kisha ikamiminwa katika vikombe vya bati vilivyounguza midomo. Hoteli ilikuwa paa la mabati juu ya nguzo za mgunga, busati moja chini, benchi mbili ubavuni, na birika la maji ya kunawa mlangoni. Baba alikuwa na desturi ya kuuliza kabla hata mguu wake wa pili haujagusa ardhi:

"Mama, chai imebaki?"

"Ipo, mwalimu. Wateremshe watoto kwanza, jua kali."

Kisha ikaja sinia ya wali na nyama ya mbuzi, na ndizi mbivu zilizopandwa kandokando ya Tana, ambazo mtoto asiyemenya yake mapema aliikuta imekwisha kumenywa na nduguye. Hapo ndipo nilipomwona kwa mara ya kwanza chifu, aliyeogopwa na kata nzima, akimega wali katika sinia moja na mchunga ngamia aliyepandia njiani, na utingo wa basi akiwaharakisha wote wawili bila ya taadhima yoyote. Adhuhuri ilipoingia, wasafiri walisimama safu moja juu ya mchanga, wakaipunguza sala yao kutoka rakaa nne hadi mbili kama ilivyo ruhusa ya musafiri, na wale wasio Waislamu, hususan Wakamba waliokuwa wakirudi Mwingi, wakakaa kivulini kuchunga mizigo ya jamaa nzima. Hakuna aliyewaagiza kufanya hivyo, nami sikumbuki kuona mzigo wa mtu ukipotea.

Lakini mtu akiyatamani ya kale hana budi kuyataja yote, na njia yetu ilikuwa na vituo vya namna mbili, vile tulivyovichagua na vile tulivyoamriwa. Eneo letu la kaskazini lilifungwa na Waingereza tangu mwaka 1926, mtu asiingie wala asitoke ila kwa kibali. Na hali ya hatari iliyotangazwa mwishoni mwa mwaka 1963, wakati wa vita vya shifta, haikuondolewa ila mwaka 1991, yaani kizazi kizima kilizaliwa, kikasoma na kuoa chini yake. Mwaka 1989 Wasomali wa Kenya waliandikishwa na kupewa kadi ya peke yao, juu ya kitambulisho walichokuwa nacho. Kwa hiyo kabla ya chai ya Bangale kulikuwa na kizuizi, ambapo abiria wote waliteremshwa, wakapangwa juani, na wazee walioheshimiwa nyumbani wakaulizwa na vijana wenye bunduki walikotoka na wanakokwenda. Vituo hivyo sivililii. Navyo, kwa ajabu ya mambo, bado vipo, ilhali vile vya chai ndivyo vinavyotoweka.

Nami siamini kuwa kilichopotea ni chakula tu. Mnamo Desemba 2015 wauaji walilisimamisha basi lililokuwa likielekea Mandera, karibu na Elwak, wakataka Waislamu watengwe na Wakristo. Abiria Waislamu wakakataa kutengwa, na baadhi ya wanawake wakawavisha wenzao hijabu zao. Mwalimu Salah Farah, aliyepigwa risasi siku ile, alifariki mwezi uliofuata kwa majeraha yake. Ushujaa huo ni wao, na asili yake ni imani yao na malezi yao. Lakini mimi, niliyelelewa katika mabasi ya njia hizi, ninaona kwamba ni jambo zito zaidi kumtoa mtu auawe ikiwa asubuhi mmekula naye sinia moja, na ikiwa alikushikia mtoto ulipokuwa ukisali.

Siku hizi basi la Garissa husimama mahali pamoja, mara nyingi penye kituo cha mafuta, dakika chache; abiria hununua viazi vya kukaanga ndani ya karatasi na soda, wakarudi vitini na kuinamia simu zao. Mama wa chai, ambaye alisomesha watoto kwa vikombe vile vya bati, amebaki ameketi chini ya bati lake akiyatazama mabasi yakipita. Wenye mabasi hawana kosa kubwa, kwani abiria wenyewe ndio wanaodai kufika upesi, na usalama nao umewafanya madereva waogope kusimama penye vichaka. Ila ilipofika Aprili 2024, mafuriko ya Tana yakaikata njia kati ya Madogo na Garissa, watu wakavuka kwa mashua, na wengine wakaghariki, wasafiri waliokwama pale njiani, wasijue watavuka lini, walihitaji mahali pa kukaa, maji ya kunywa na mtu wa kuwapikia.

Basi kwa kuwa njia ya Mandera bado inajengwa, na ile itakayotoka Lamu kuja Garissa hadi Isiolo haijakamilika, wakati wa kusema ni huu. Mamlaka ya Barabara Kuu, KeNHA, pamoja na serikali za Garissa, Wajir na Mandera, zitenge katika kila masafa ya saa mbili za mwendo kiwanja kipana cha kuegesha magari, chenye kisima, vyoo safi vya wanawake na wanaume, mahali pa kusalia, na vibanda vitakavyokodishwa kwa bei nafuu kwa akina mama waliokuwa wakiuza njiani kabla lami haijafika, wala visigawiwe matajiri wa mjini. Polisi wawekwe hapo kuwalinda wanaokula, pasiwe pahala pengine pa kuwapanga watu juani. Na wewe msomaji, utakaposafiri na watoto wako kuja kwetu, mwambie dereva asimame Bangale, uteremke nao, unywe chai na ulipe vizuri.