Wafundishao Sanaa Usambara Wapewe Nafasi Shuleni

Mwezi Januari mwaka 2024 shule za msingi nchini zilianza kufuata mtaala mpya, ambao ndani yake Sanaa na Michezo ni somo kamili kuanzia darasa la tatu, lenye vipindi vyake katika ratiba kama Hisabati na Kiswahili. Uamuzi huo ni wa haki, na ulichelewa. Hata hivyo, lipo swali ambalo waraka wowote hauwezi kulijibu kwa niaba ya mwalimu mkuu: nani atakayesimama mbele ya watoto na kuwafundisha? Mwalimu aliyesomea Jiografia na Sayansi, ambaye hajapata kushika ngoma wala udongo wa kufinyangia, amekabidhiwa somo hilo kwa kuwa ndiye aliyekuwa na vipindi vichache. Matokeo yake yanajulikana. Watoto hunakili ubaoni maana ya ngoma, aina za ngoma na faida za ngoma, kisha kengele hulia.

Jambo hilo linasikitisha zaidi linapotokea katika wilaya kama Lushoto, ambako wafundishaji wa sanaa hawajapata kukosekana. Msafiri anayepanda kutoka Mombo kwa barabara ya milimani, akapita Soni na kufika Lushoto, kisha akaendelea hadi Mlalo na Mtae, hupita karibu na madarasa mengi yasiyo na kibao. Kanisani kuna mwalimu wa kwaya anayewafunza vijana kugawana sauti nne kabla ya giza kuingia. Wapo wapiga tarumbeta, urithi wa usharika wa Kilutheri ulioanza milimani humo Wajerumani wa misioni ya Bethel walipojenga kituo chao Mlalo mwaka 1891. Madrasani yuko ustadhi anayewapanga watoto kwa safu, akawafundisha kasida na mapigo ya dufu. Wapo wazee wanaoijua mdumange, ngoma ambayo Wasambaa wanajulikana nayo, na wanaojua ni mti gani unaofaa kuchongwa ngoma na ngozi gani ya kuiwamba. Na wapo wanawake wafinyanzi.

Hao wafinyanzi wanastahili kutazamwa kwa makini, maana kazi yao inaonyesha elimu ya sanaa ni kitu gani hasa. Ufinyanzi wa Usambara ni kazi ya wanawake, na mama humfundisha binti. Binti haanzi kwa kufinyanga. Huanza kwa kubeba udongo, kuutwanga na kuuchambua mawe na mizizi, mpaka vidole vyake vijifunze kutambua udongo utakaopasuka na ule utakaovumilia moto. Chungu chote hujengwa kwa mkono, bila gurudumu, kikalainishwa, kikaachwa kivulini siku kadhaa, ndipo kikachomwa kwa kuni na majani makavu mahali pa wazi. Akikosea, hasomewi kosa lake katika daftari, kwani chungu chenyewe hupasuka mbele yake. Mkaguzi wa shule akitafuta mafunzo ya vitendo, uvumilivu, upimaji wa mwanafunzi na hata sayansi ya joto na unyevu, vyote vipo katika ua wa bibi huyo. Asichokuwa nacho ni cheti. Soko pia linamponyoka, kwa kuwa ndoo ya plastiki na sufuria ya alumini zimechukua nafasi ya mtungi na chungu, na binti anayemwona mama yake akirudi gulioni na mzigo wake haoni sababu ya kurithi kazi hiyo.

Wala si vyungu na ngoma tu. Habari ya Mbegha, mwindaji aliyetoka Ungulu, akawaondolea Wasambaa adha ya nguruwe pori, akagawa nyama na hatimaye akatawazwa Vugha, ilikuwa ikisimuliwa milimani muda mrefu kabla ya shule ya kwanza kujengwa. Abdallah bin Hemedi alipoiandika katika Habari za Wakilindi, kitabu kilichochapwa kwa mafungu kati ya mwaka 1895 na 1907, Kiswahili kilipata moja ya kazi zake za kwanza ndefu za nathari. Kwa hiyo mtoto wa Vugha au Bumbuli anapofundishwa fasihi simulizi kana kwamba ni jambo la vitabuni, lililotokea mbali kwa watu wengine, linafanyika kosa ambalo mwalimu wake angeweza kulizuia kwa kumwalika mzee mmoja tu wa kijiji.

Kosa hilo lina historia. Shule ya kikoloni iliita ngoma ushenzi, na wengi waliosoma humo waliondoka na kasumba hiyo. Desemba 1962 Mwalimu Nyerere alipotangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, nia ilikuwa kuifuta. Mwaka 1967 ikaja Elimu ya Kujitegemea, na mwaka 1981 Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Hatua hizo zilikuwa kubwa, lakini huku wilayani kilichobaki mara nyingi ni desturi moja isiyopendeza: vikundi vya ngoma kuitwa kumlaki mgeni wa heshima. Wachezaji husimama juani saa tatu wakimsubiri, hucheza dakika tano, hupewa soda, na hotuba huanza. Hapo msanii amefanywa pambo la mkutano. Hakuna aliyemwuliza anajua nini, wala ni vijana wangapi waliopita mikononi mwake.

Kwamba mambo yanaweza kufanywa vinginevyo lilithibitishwa zamani, hapa hapa nchini. Kati ya mwaka 1982 na 1983 wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, walikwenda katika kijiji cha Malya, wilayani Kwimba. Hawakwenda na mchezo ulioandikwa tayari. Waliishi na wanakijiji, wakasikiliza matatizo yao, nao vijana wakayatunga upya kwa sanaa walizozijua wenyewe, ikiwamo wigashe ya Wasukuma. Tatizo la wasichana wa shule kupata mimba, ambalo wazazi walikuwa wakilinong'oneza majumbani, likajadiliwa hadharani na kijiji kizima, wasichana wenyewe wakiwamo. Mwaka 1996 mbinu hiyo iliingia katika shule za sekondari kwa jina la Tuseme, wanafunzi wa kike wakitumia maigizo kueleza yanayowakwamisha masomoni, na baadaye ikavuka mipaka hadi nchi nyingine za Afrika. Nguvu ya kazi ya Malya ilitokana na wahadhiri hao kukubali kwanza kuwa wanakijiji ni wasanii.

Vijana wa Usambara nao wanayo ya kusema. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 492,441 katika Wilaya ya Lushoto, katika milima ambako shamba hugawanywa kila kizazi hadi likabaki kipande cha mteremko. Kijana anayemaliza shule hutazama chini Mombo, lilipo basi la Tanga au Dar es Salaam. Na mambo ya ardhi milimani humo hayajapata kunyamaziwa. Mpango wa Mlalo wa kuhifadhi udongo, ulioanza mwaka 1946, uliwalazimisha wakulima kulima matuta, ukakataliwa vikali, na mwaka 1957 serikali ya kikoloni ikauacha. Wakulima hawakuuchukia udongo wao. Waliamriwa bila kusikilizwa. Igizo la vijana juu ya shamba, mmomonyoko na safari ya mjini, likitungwa na wao na kujadiliwa na baba zao, lingeweza kumfunza bwana shamba mambo ambayo fomu zake hazimwulizi.

Wapo watakaopinga, na hoja zao si za kupuuzwa. Baadhi ya wazazi, Waislamu kwa Wakristo, huogopa kwamba ngoma itawarudisha watoto katika matambiko. Basi waitwe wao kwanza, wachague pamoja na walimu kipi kiingie shuleni. Na kwa kuwa dufu na kwaya ni sanaa pia, hakuna nyumba itakayokosa la kuchangia. Wengine watasema mzee asiye na cheti hawezi kulipwa na serikali. Hoja hii ni dhaifu. Halmashauri hulipa fundi wa kujenga choo cha shule bila kumdai shahada, hivyo haiwezi kushindwa kumpa mfinyanzi posho ya kipindi. Afisa utamaduni wa wilaya akishirikiana na maafisa elimu kata anaweza kuandikisha wajuzi wa kila kijiji katika muhula mmoja, kazi isiyohitaji semina wala gari jipya.

Fedha za kuanzia nazo si ndoto. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 ikiwa ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Vijana wanaoomba mkopo wa pikipiki huonekana wana mpango. Wanaoomba wa kuchonga ngoma au kujenga banda la kufinyangia huonekana wanataka kucheza. Watumishi wanaopitia maombi hayo wayapime yote kwa kipimo kimoja, yaani hesabu za kikundi na soko lake.

Limebaki jambo dogo ambalo halihitaji idhini ya wizara. Kipindi cha shule hakitoshi hata kuutwanga udongo, na chungu hakikauki kwa kengele. Mwalimu mkuu anaweza kuviunganisha vipindi vya juma vya Sanaa na Michezo katika mchana mmoja, Ijumaa baada ya sala kwa mfano, mwalimu wa somo akawaongoza watoto hadi nyumbani kwa mfinyanzi, naye akaketi pamoja nao kujifunza.